Maktaba za Mfumo na Utambuzi wa Sifa za Kiini Wakati wa Tafsiri: Somo la Teknolojia na Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maktaba za mfumo za kompyuta zinavyotambua sifa za kiini cha mfumo endeshi wakati wa tafsiri, yaani kabla programu haijaanza kufanya kazi. Mfano wetu mkuu ni maktaba ya lugha ya C ya mradi wa GNU, ijulikanayo kama glibc, inapotumika juu ya kiini cha Linux. Hoja yetu ni kwamba ushahidi unaopatikana wakati wa tafsiri unahusu mashine inayojenga programu, wala si lazima uhusu mashine itakayoitumia. Kwa sababu hiyo, maktaba njema huchukulia yale tu iliyoahidiwa, na mengine huyauliza papo hapo. Tutaonyesha pia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayo tayari maarifa ya kuielewa tofauti hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika mjadala mmoja wa darasa la istilahi, mwanafunzi mwenzetu anayesomea Kiswahili pamoja na sayansi ya kompyuta alitoa kauli iliyotukera wengi. Alisema kwamba Kiswahili kinaweza kuitaja kompyuta kutoka nje, yaani kioo chake, kibodi yake na panya wake, lakini hakiwezi kuingia ndani na kueleza inavyofikiri. Tulimjibu kwa hamasa nyingi na hoja chache. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa hoja.

Si kwamba hakuna kilichofanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, menyu ni uso wa programu. Mwenzetu alikuwa akiuliza kuhusu moyo na mishipa. Kwa hiyo tumeichagua makusudi mada ya ndani kabisa, ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe, ila huumia inapokosewa: programu imejengwa vizuri mahali fulani, ikapelekwa kwenye mashine nyingine, na huko ikakataa kufanya kazi.

2.0 Dhana za Msingi

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayomiliki mashine. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachosoma diski na kinachoamua ni programu ipi ipate zamu. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho tutakachokirejelea.

Programu ya kawaida haina ruhusa ya kuigusa mashine moja kwa moja. Ikitaka kufungua faili, sharti ikiombe kiini. Ombi hilo tutaliita wito wa mfumo. Kila wito una namba yake, na namba hizo hutofautiana kulingana na aina ya mashine. Mathalan, wito uitwao getrandom, unaoomba namba za kubahatisha, ni namba 318 katika mashine za x86-64, ilhali ni namba 278 katika mashine za ARM za biti 64.

Waandishi wa programu hawalazimiki kuzikariri namba hizo. Kati yao na kiini ipo maktaba ya mfumo, ambayo ni hazina ya kazi zilizokwisha kuandikwa. Mwandishi hutaja jina la kazi, nayo maktaba huupeleka wito kwenye kiini na kurejesha jibu. Katika mifumo mingi ya Linux, maktaba hiyo ni glibc.

Dhana ya nne ndiyo nguzo ya makala haya. Programu ya C huandikwa kwa lugha inayosomeka na binadamu, kisha hugeuzwa na kompaila kuwa lugha ya mashine. Sisi tuliosoma kozi ya Tafsiri na Ukalimani tunajua kwamba mfasiri hufanya kazi juu ya maandishi, peke yake, kabla ya msomaji kuyapata; mkalimani naye hufanya kazi papo hapo, mbele ya hadhira. Kompaila ni mfasiri. Humaliza kazi yake mapema, na humwachia mtu asiyemjua matini aliyoikamilisha. Kwa hiyo tunapendekeza kuuita wakati huo wakati wa tafsiri, na kuuita ule ambao programu inafanya kazi mbele ya mtumiaji wakati wa utekelezaji.

3.0 Ushahidi Unaopatikana Wakati wa Tafsiri

Viini havilingani. Kila baada ya miezi michache hutoka toleo jipya la Linux, na baadhi ya matoleo huleta miito mipya. Maktaba inayojengwa leo inahitaji kujua: je, kiini kitakachokuwa chini yangu kinaufahamu wito fulani? Wakati wa tafsiri, kuna ushahidi wa aina tatu.

3.1 Namba ya Toleo

Faili za vichwa za Linux hubeba namba ya toleo iliyogeuzwa kuwa namba moja nzima ili iweze kulinganishwa. Kanuni yake ni nyepesi: sehemu ya kwanza huzidishwa kwa 65,536, ya pili kwa 256, kisha ya tatu hujumlishwa. Kwa hiyo toleo 2.6.27 huwa 132,635, na toleo 2.6.32 huwa 132,640. Ikiwa wito uliingizwa katika 2.6.27, swali linakuwa hesabu tu: je, namba tuliyo nayo ni 132,635 au zaidi?

Kanuni hiyo inachukulia kwamba sehemu ya tatu haizidi 255. Mwezi Februari mwaka 2021 yalitoka matoleo 4.4.256 na 4.9.256. Kwa hesabu ya kawaida, 4.4.256 ingeonekana sawasawa na 4.5.0, toleo tofauti kabisa. Watunzaji wa kiini walilitatua hilo kwa kuiwekea namba hiyo ukomo wa 255.

3.2 Jina Ndani ya Vichwa

Aina ya pili ya ushahidi ni kuwapo kwa jina. Vichwa huorodhesha miito yote inayofahamika pamoja na namba zake. Mwandishi huweza kuandika #ifdef __NR_getrandom, maana yake: ikiwa jina hili limefafanuliwa, tafsiri mistari ifuatayo; la sivyo, ipuuze.

Hapa yafaa kusisitiza jambo. Mistari inayopuuzwa haiingii kabisa katika programu iliyokamilika. Tufikirie mhariri wa jarida anayepokea makala yenye maelezo pembeni: “Kama toleo hili litakuwa na picha, weka aya hii.” Mhariri akiona kwamba picha hazipo, huifuta aya hiyo kabla ya kuchapisha. Msomaji hatajua kamwe kwamba iliwahi kuandikwa. Hiyo ni tofauti na kitabu cha mapishi kinachosema, “Ukikosa nazi, tumia maziwa.” Hapo njia zote mbili zimechapishwa, na anayeamua ni mpishi jikoni. Kiswahili hutumia masharti yaleyale, “ikiwa” na “-ki-”, kwa hali zote mbili, lakini anayeamua si yuleyule, wala wakati wa kuamua si uleule.

3.3 Jaribio

Aina ya tatu ni kujaribu. Zana kama Autoconf, iliyoanza mwaka 1991, huandaa hati iitwayo configure. Hati hiyo huandika programu ndogo inayotumia sifa inayotafutwa, kisha huipa kompaila. Ikitafsirika na kuunganishwa bila kosa, sifa huhesabiwa kuwa ipo. Njia hii haitegemei namba za matoleo, na ndiyo maana inapendwa. Lakini ieleweke kwamba kutafsirika si kutenda. Sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado isiwe ya kweli.

4.0 Kasoro ya Ushahidi Huo

Ushahidi wa aina zote tatu una udhaifu mmoja: unatoka kwenye mashine ya kujengea. Programu nyingi hazitumiki mahali zilipojengwa. Huandaliwa kwenye mashine za wasambazaji, kisha hupelekwa kwa maelfu ya watu wenye viini vya kila umri.

Tuuchukue wito wa getrandom. Uliingia katika Linux 3.17 mwaka 2014. Tuseme programu imejengwa kwa vichwa vya toleo 4.4. Jina limo, sharti la #ifdef limetimia, na njia ya zamani ya kusoma namba za kubahatisha kutoka faili la /dev/urandom imefutwa na mhariri wetu. Programu hiyo ikapelekwa kwenye kompyuta yenye kiini 3.2. Inapaza wito namba 318, na kiini, ambacho hakijawahi kuisikia namba hiyo, kinajibu kwa kosa liitwalo ENOSYS, lenye maana ya “kazi hiyo haipo kwangu”. Njia ya pili haipo tena. Ilifutwa kabla ya safari.

Anayeumia hapo si yule mwenye mashine mpya. Ni shule au ofisi inayotumia kompyuta ya zamani kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Kosa la aliyejenga programu hulipwa na mtu ambaye hawakuonana.

Namba ya toleo nayo hupotosha kwa upande wa pili. Wasambazaji kama Red Hat huchukua kiini cha zamani, wakakiongezea sifa za viini vya baadaye bila kubadilisha namba yake ya msingi. Toleo lao la 7 lilibaki na namba 3.10 kwa miaka mingi huku ndani likiongezewa mengi yaliyobuniwa baadaye. Anayehukumu kwa namba pekee atakidhania kiini hicho kuwa hakijui kinachokijua.

5.0 Njia ya glibc: Ahadi, Swali na Mbachao

Maktaba ya glibc ililitatua tatizo hili kwa kutenganisha mambo mawili: vichwa vinavyojua nini, na mtumiaji ameahidiwa nini. Anayeijenga maktaba huweza kutaja sharti kama --enable-kernel=3.2.0. Huo si uchunguzi, bali ni ahadi: maktaba hii haitawekwa juu ya kiini kilicho chini ya 3.2.0. Kutokana na ahadi hiyo, faili la kernel-features.h huweka alama zenye majina yanayoanza kwa __ASSUME_, neno lenye maana ya “chukulia”. Mahali palipo na alama, wito hutumika bila wasiwasi. Mahali pasipo na alama, maktaba huuliza wakati wa utekelezaji, na njia ya zamani hubakizwa. Kwa miaka mingi glibc ilikihakiki kiini hata mwanzoni mwa programu, na ikikuta ni kikuukuu kuliko ilivyoahidiwa, ilikataa kuendelea na kusema hivyo waziwazi.

Mfano bora ni wito wa pipe2, ulioingia katika Linux 2.6.27 mwaka 2008. Wito wa kale, pipe, hutengeneza bomba la kupitishia data baina ya michakato. Ili bomba hilo lisirithiwe na programu nyingine itakayoanzishwa, ilibidi kutumia wito wa pili wa kulifunga. Wito wa pipe2 hufanya yote mawili kwa mara moja.

Kwa kipindi kirefu, kazi ya popen ndani ya glibc ilibeba njia zote mbili. Pale ambapo ahadi haikuwapo, palikuwa na kigeu kimoja, __have_pipe2, chenye thamani tatu. Thamani 0 ilimaanisha “sijui bado”. Maktaba ilijaribu wito mpya mara ya kwanza. Kiini kikijibu ENOSYS, kigeu kiliwekwa -1, yaani “haupo”. Vinginevyo kiliwekwa 1, yaani “upo”. Baada ya hapo haikuuliza tena. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza swali lilelile kila mara ni kupoteza muda.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Ndivyo ilivyo hapa. Wito mpya ni msala mzuri. Njia ya zamani ni mbachao, isitupwe mpaka pawe na hakika. Hata hivyo, tusiusifu mbachao kupita kiasi. Kati ya wito wa kwanza wa pipe na ule wa pili wa kulifunga bomba kuna mwanya mdogo. Katika programu yenye nyuzi nyingi za utendaji, uzi mwingine unaweza kuanzisha programu mpya ndani ya mwanya huo, na bomba likarithiwa na asiyehusika. Hakuna ufundi wa maktaba unaoweza kuuziba mwanya huo kikamilifu bila msaada wa kiini. Kwa hiyo njia mbadala si sawa na njia yenyewe. Ni afadhali tu kuliko kukosa.

Tena mbachao una gharama. Mistari ya njia ya zamani huiongezea maktaba uzito, na kwa kuwa haitumiki katika mashine mpya, haijaribiwi mara kwa mara, hivyo makosa huweza kujificha ndani yake. Ndiyo sababu glibc huipandisha ahadi yake kila baada ya muda. Toleo 2.20 la mwaka 2014 lilidai kiini 2.6.32 au zaidi. Maadamu 132,640 ni zaidi ya 132,635, swali la pipe2 halikuwa na haja tena katika mashine za kawaida. Kufikia toleo 2.26 la mwaka 2017, sharti lilikuwa 3.2. Kila ahadi inapopanda, kuna mistari inayofutwa, na kuna mashine kuukuu zinazoachwa nyuma. Uamuzi huo ni wa kiufundi, lakini pia ni uamuzi kuhusu watu.

6.0 Jibu Lililokosewa: Kisa cha clone3

Kuuliza wakati wa utekelezaji hutegemea jambo moja: anayejibu atumie neno sahihi. Mwaka 2021 ulidhihirisha hilo.

Wito wa clone3, wa kuanzisha michakato na nyuzi, uliingia katika Linux 5.3 mwaka 2019. Toleo 2.34 la glibc, lililotoka Agosti mwaka 2021, lilianza kuutumia wakati wa kuunda nyuzi. Wasanii wake walichukua hadhari: kiini kikijibu ENOSYS, maktaba ingerudi kwenye wito wa kale wa clone. Mbachao ulikuwapo.

Lakini siku hizi programu nyingi huendeshwa ndani ya kontena, na kati ya kontena na kiini huwekwa kichujio cha usalama. Kichujio cha kawaida cha Docker wakati huo hakikuufahamu wito mpya, na kila wito kisichoufahamu kilikuwa kikiujibu EPERM, yaani “huruhusiwi”. Maktaba ikasikia katazo badala ya kukosekana, ikaheshimu katazo, na haikujaribu njia ya kale. Programu zilizobeba glibc mpya zikashindwa kuunda nyuzi ndani ya kontena, ilhali kiini kilikuwa na uwezo na maktaba ilikuwa na njia mbadala. Docker 20.10.10, iliyotoka mwaka huohuo, ilirekebisha jibu la wito huo kuwa ENOSYS.

Tumfikirie bawabu langoni. Mgeni anamuulizia mwenyeji fulani. Bawabu asiyemjua akisema, “Hakuna mtu wa jina hilo hapa,” mgeni ataulizia jina jingine. Akisema, “Huruhusiwi kumwona,” mgeni mwenye adabu atarudi kwao. Bawabu wa kisa chetu hakumjua mwenyeji, lakini alijibu kama aliyekatazwa. Safari nzima iliharibika kwa kuchagua kitenzi kisichofaa.

7.0 Funzo kwa Mwanaistilahi

Kisa hicho kinatuhusu moja kwa moja. Tunapounda istilahi, mara nyingi tunaridhika neno likisikika vizuri au likifanana na neno la Kiingereza. Kipimo kilicho bora ni hiki: je, neno linahifadhi tofauti ambazo fani inazitegemea?

Kwanza, kuna wanaopendelea kitenzi “kukusanya” kwa kazi ya kompaila. Kosa lake ni kwamba hakionyeshi ugeuzaji wa lugha wala utangulizi wa kazi hiyo. “Kutafsiri” huonyesha yote mawili.

Pili, tunahitaji kutenganisha kuchukulia, kuchunguza na kujaribu. Maktaba huchukulia kwa ahadi, huchunguza vichwa kwa kusoma, na hujaribu wito kwa kutenda. Anayeviita vyote “kutambua” bila ufafanuzi atafundisha makosa.

Tatu, “haipo”, “haijulikani” na “hairuhusiwi” ni majibu matatu. Kiswahili hakikosi maneno hayo. Huyatenganisha kila siku sokoni na nyumbani. Kilichokosekana ni sisi kuyapeleka maabara.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba namba ya toleo, jina ndani ya vichwa na jaribio la kutafsiri ni ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi wa mahali programu ilipojengwa. Maktaba yenye busara huutumia ushahidi huo kujua yanayowezekana, hutegemea ahadi kujua yaliyo ya hakika, na huuliza wakati wa utekelezaji kuhusu yaliyo kati. Aidha, hubakiza mbachao hadi ahadi iuondoe.

Kwa mwenzetu aliyedai kwamba Kiswahili hakiingii ndani ya kompyuta, jibu letu ni kwamba tumeingia hadi kwenye kiini na kutoka. Mahali tulipokwama hapakuwa pa lugha, bali pa kutoelewa jambo lenyewe. Na tulipolielewa, maneno hayakuwa mbali.

Maswali ya Kutafakari

1. Kwa kutumia kanuni iliyotolewa katika sehemu ya 3.1, kokotoa namba ya toleo 3.17.0, kisha uonyeshe kama ahadi ya 3.2.0 inatosha kuuchukulia wito wa getrandom kuwa upo.

2. Eleza tofauti baina ya sharti linaloamuliwa na mhariri na lile linaloamuliwa na mpishi. Toa mfano mmoja wako wa kila sharti.

3. “Kompaila ni mfasiri.” Jadili mipaka ya sitiari hii.